Dakika za Lala Salama

Drafti iliachwa njiani. Mzee alikuwa anaongoza kwa kete mbili na Fundi amebanwa pembeni, pale Fundi alipovikusanya visoda vyote na kusema anataka kutuonyesha kitu. Akavipanga upya juu ya ubao uleule: kumi amevifudikiza, kumi na kimoja amevilaza chali. Waliofudikizwa ni Zambia. Waliolala chali ni sisi.

Kijiwe chetu kiko Kariakoo, benchi mbili za mbao mbele ya duka la vitenge, na muuza kahawa mwenye birika lake juu ya mkaa. Watu wa Simba na watu wa Yanga tunakaa benchi moja kwa sababu zipo mbili tu. Ubishi mwingi hapa huisha kahawa ikiisha. Huu mmoja haujaisha: timu yako inaongoza kwa bao moja, au sare inakutosha, saa imepita dakika ya 75, kocha afanye nini? Apande akatafute la pili, au arudi alinde alichonacho?

Nimeuandika ubishi wa jioni hiyo kwa sababu jambo lenyewe linaniuma. Usiku wa sare na Zambia kule San Pédro, Ivory Coast, mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama mbele ya televisheni wakimlaani kocha, na tangu hapo nimekuja kuamini kwamba mashabiki tunawakosea makocha kwa njia ileile kila mara. Tunangoja mpira utulie wavuni, ndipo tunatoa hukumu, na tunaitoa kana kwamba tulijua tangu mwanzo.

Wasemaji ni watatu. Fundi ni fundi cherehani, Simba. Dada ni wakala wa pesa za simu, kibanda chake kiko hatua kumi kutoka tulipokaa, Yanga. Mzee alikuwa beki wa kati wa timu ya shirika moja la umma miaka ya 80, na goti lake la kushoto halikunji vizuri mpaka leo.

FUNDI: Tarehe 21 Januari 2024. AFCON, Ivory Coast. Dakika ya 11 Samatta anampa Msuva, Msuva anafunga. Dakika ya 44 Kabwe wa Zambia anatolewa kwa kadi nyekundu. Tuko kumi na moja, wao kumi, tunaongoza, na kipindi kizima cha pili kiko mbele yetu. Taifa Stars ilikuwa imecheza mechi saba za fainali za AFCON tangu Lagos 1980, haijashinda hata moja. Hata moja! Siku ile mlango ulikuwa wazi, tukasimama kizingitini. Dakika ya 88 kona, Daka kichwa, moja moja. Nani aliyeipiga ile kona?

DADA: Chama.

FUNDI: Chama. Chama wetu wa Msimbazi.

Jina la Chama kwenye jezi alilibandika Fundi mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa pasi ya dukani kwake. Nimeiona imetundikwa nyuma ya cherehani. Chama alipohamia Yanga mwaka huohuo wa 2024 wateja walimwambia aishushe. Hakuishusha. Kwa hiyo anapoitaja kona ile anataja kitu kilichompata yeye binafsi, na hilo lieleweke kabla hajaonekana mtu wa kelele tu.

DADA: Pole, mtani. Lakini unasema "kulinda" kama vile ni dhambi. Ngoja na mimi nikupeleke kwangu. Tarehe 28 Mei 2023, uwanja wa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ya kwanza. Nilikuwa jukwaani, nimefunga kibanda tangu asubuhi. USM Alger wametangulia. Dakika ya 82 Mayele anachomoa. Kaka, sijawahi kusikia sauti kama ile. Watu wasiojuana wanakumbatiana. Na sote, uwanja ule wa watu 60,000, tunaimba kitu kimoja: la pili, la pili. Dakika ya 84 Merili akatufunga. Dakika mbili! Machozi ya furaha hayajakauka.

FUNDI: Hiyo ni bahati mbaya.

DADA: Bahati mbaya iko wapi? Tarehe 3 Juni tukaenda Algiers, Djuma Shabani akafunga penalti, tukashinda moja bila kwao. Jumla mbili mbili, kombe likabaki kwao kwa mabao ya ugenini. Piga hesabu mwenyewe. Tungeizima ile mechi ya Dar kwa moja moja, ushindi ule wa Algiers ungeleta kombe Jangwani. Dakika nane za kutulia, hizo tu tulizikosa.

Hesabu ya Dada inavutia na nimeisikia kwa watu wengi wa Yanga, ila ina tundu. Mechi ya Algiers ingeanza kwa moja moja, USM Alger wasingecheza vile walivyocheza, wala Yanga pia. Mabao ya mechi ya pili hayawezi kuhamishwa kama mizigo na kupakiwa juu ya mechi ya kwanza iliyoisha tofauti. Hata hivyo kiini chake kinasimama: timu iliyotoka kusawazisha huwa imejifungua, akili imepanda jukwaani pamoja na mashabiki, na mpinzani mzoefu anaijua saa hiyo vizuri kuliko saa yoyote.

FUNDI: Basi kocha wenu Nabi alaumiwe.

DADA: Kwa nini Nabi? Sisi ndio tuliowapigia kelele wapande. Nani angemsikia mtu mmoja aliyesimama mstarini?

MZEE: Hapo umesema, binti yangu. Nyote wawili mnazungumza kama kocha ana kamba, akiivuta timu inarudi, akiilegeza inapanda. Mimi nimekaa kule nyuma miaka tisa. Sogezeni vikombe.

Mzee akavuta ubao karibu. Alichukua visoda vinne vya chali akavipanga mstari, na sasa nitaeleza alichokifanya kidogo kidogo, kwa sababu kwa dakika tano zile nilijifunza zaidi ya nilichojifunza kwa miaka ishirini ya kutazama mpira.

MZEE: Hawa ni mabeki wangu. Dakika ya 60 wamesimama hapa, mbali na boksi. Unakuja mpira wa juu, beki wa kati anaupiga kichwa, unaondoka. Unaenda kwa nani? Mshambuliaji wetu amekimbia saa nzima, miguu imekufa. Beki wao anamtangulia, mpira unarudi. Mabeki wangu hawajapata muda wa kupanda, kwa hiyo safari hii wanaanzia hapa.

Akavisukuma visoda nyuma upana wa kidole.

MZEE: Tunabutua tena. Unarudi tena. Hapa.

Kidole kingine. Alirudia mara tano, kila mara kidole kimoja, mpaka visoda vinne vikawa vimegusa ukingo wa ubao na kile cha mshambuliaji kimebaki peke yake upande wa pili kama mtu aliyeachwa na basi.

MZEE: Sasa ni dakika ya 85 na wote wamo ndani ya boksi. Nani kawaambia warudi? Hakuna. Mnakaa jukwaani mnasema kocha kapaki basi. Basi limejipaki lenyewe. Na angalieni ubaya wake. Ukiuzuia mpira katikati ya uwanja, unatoka nje, wanarusha, kazi inaendelea. Ukiuzuia ukiwa ndani ya boksi lako, unatoka kwa kona. Moja, mbili, tatu. Na kwenye kona, Fundi, hakuna kumi wala kumi na moja. Wote wameingia kwenye chumba kimoja, anayeruka vizuri ndiye anayekula. Ile kadi nyekundu yenu ilikufa pale mpira ulipowekwa kwenye kibendera.

Fundi alinyamaza. Muuza kahawa alimjazia bila kuulizwa.

FUNDI: Sasa Mzee, si ndiyo yaleyale ninayosema? Angewapandisha.

MZEE: Kwa miguu ya nani? Maneno hayapandishi mtu. Mimi ningeingiza mshambuliaji. Wala simtumi kufunga. Namtuma akaushike mpira, ausogeze kule kwenye kibendera chao, achezewe faulo, alale kidogo, ainuke. Katika hizo sekunde arobaini mabeki wangu wamevuta pumzi na wamepanda hatua kumi. Kocha mwoga anaingiza beki wa tano, na huyo beki wa tano anakuja kusimama palepale walipo wenzake wanne, ndani ya boksi.

DADA: Na unamtoa nani, Mzee?

MZEE: Kiungo aliyechoka.

DADA: Wakipita katikati alipotoka kiungo?

MZEE: Watapita. Hiyo ndiyo kamari, mwanangu, na mimi sikusema haipo. Nimesema kukaa pia ni kamari, ila kete unakuwa umempa mwenzako azirushe yeye.

Sentensi hiyo ya mwisho ya Mzee ndiyo ninayoishikilia. Neno "kujilinda" linatudanganya, linasikika kama kufunga mlango na kulala. AFCON ileile ilitupa ushahidi mwingine kabla hata wiki mbili hazijatimia tangu kona ya Chama. Tarehe 3 Februari, Bouaké, robo fainali. Mali wako dhidi ya wenyeji. Kossounou wa Ivory Coast anatolewa kipindi cha kwanza, Dorgeles anaipatia Mali bao dakika ya 71. Kumi na moja dhidi ya kumi, bao mkononi, dakika zinaisha: ni visoda vilevile vya Fundi. Dakika ya 90 Adingra akasawazisha. Mwisho kabisa wa dakika za nyongeza, zile za 120 na ushei, Diakité akafunga la pili, na timu hiyo ya watu kumi ndiyo iliyoishia kubeba kombe chini ya Emerse Faé, kocha aliyepewa timu katikati ya mashindano baada ya Gasset kuondoka. Aliyepungukiwa mtu hana cha kuogopa tena. Aliyetimia ana bao la kupoteza, na bao hilo huwa zito miguuni.

FUNDI: Mnaona! Ndiyo maana mimi huwa nasema pandeni. Simba 1979 ilipigwa nne na Mufulira Wanderers hapahapa Dar, ikaenda Zambia ikawapiga tano. Tano bila! Wangekwenda kulinda nini?

DADA: Walikuwa hawana cha kulinda, kaka. Usichanganye. Mimi nakuuliza Cairo, tarehe 27 Juni 2019, sisi na Kenya. Tulitangulia, wakachomoa, tukatangulia tena, tukamaliza tumefungwa tatu mbili. Olunga peke yake mawili. Siku ile nani alisema Stars imejilinda mno?

Hakuna aliyemjibu. Sikumbuki mtu yeyote aliyesema hivyo mwaka 2019. Tulisema kocha Amunike hajui kulinda bao. Miaka mitano baadaye, mbele ya Zambia, tukasema kocha hajui kushambulia. Watu walewale, benchi ileile.

Na kocha mwenyewe wa siku ile ya Zambia tumemsahau haraka. CAF ilikuwa imemfungia kocha mkuu Adel Amrouche mechi nane kwa maneno yake kuhusu Morocco. Hemed Suleiman alikabidhiwa timu katikati ya mashindano, siku mbili tu kabla ya kuingia uwanjani. Siku mbili! Dada anasema kibanda chake tu, ukimwachia mtu mgeni siku mbili, hesabu hazikai. Hemed alipewa nchi.

Kuhusu hukumu hizi zetu za baadaye, nilitaka kuwaeleza wenzangu habari ya Barcelona, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya Mei 1999, nikawaeleza. Kila shabiki wa Manchester United mjini hapa anaijua: wako nyuma moja bila mbele ya Bayern Munich, Ferguson anamwingiza Sheringham, kisha dakika ya 81 Solskjær, na wawili hao ndio waliofunga ndani ya muda wa majeruhi. Hadithi husimuliwa hivyo na kukomea hapo. Inayoachwa ni kwamba wakati Ferguson anatupa watu mbele, nyuma kulikuwa kweupe. Scholl aligonga mwamba wa pembeni. Jancker aligonga wa juu. Mpira mmoja kati ya hiyo miwili ungesogea kiganja kimoja tu, United wangefungwa mbili bila, na leo tungesimuliwa habari ya mzee mkaidi aliyeuza fainali kwa tamaa. Uamuzi ungekuwa uleule na wachezaji walewale.

MZEE: Na yule Mholanzi aliyebadilisha kipa?

Van Gaal. Kombe la Dunia, Salvador, Brazil, tarehe 5 Julai 2014, Uholanzi na Costa Rica. Enzi hizo kocha alikuwa na nafasi tatu tu za mabadiliko. Van Gaal aliitunza ya tatu mpaka matuta yako mlangoni, akamtoa Cillessen, akamwingiza Krul. Krul alidaka mbili, dunia ikasema huyu ni mchawi wa mpira. Siku nne baadaye, nusu fainali na Argentina, nafasi zote tatu zilikuwa zimekwisha kabla ya matuta. Cillessen akabaki golini, Uholanzi ikatolewa. Mimi humheshimu zaidi kwa usiku wa pili. Kutunza nafasi moja kwa dakika 120 maana yake kuna mchezaji hoi uliyemwacha uwanjani akiburuza miguu, na safari hii aliona timu yake haiwezi kulipa bei hiyo.

Halafu Wembley, Julai 2021, fainali ya Ulaya. Southgate, kocha wa England, alifanya kitu cha ukoo mmoja na kile cha Van Gaal: dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza akawaingiza Rashford na Sancho kwa ajili ya matuta. Rashford akagonga mwamba, Sancho na Saka wakadakwa. Vijana wale watatu walitukanwa kwa rangi yao, jambo ambalo kila nikilikumbuka moyo hunichafuka. Southgate alijitokeza akasema uamuzi ulikuwa wake. Kosa lake lilikuwa nini hasa, ukiacha mwamba? Hilo swali nililiweka mezani, na jibu la maana lilitoka kwa Dada, ambaye mpaka hapo alikuwa mtetezi wa kulinda.

DADA: Nitawaambia kitu cha kazi yangu. Nikifunga kibanda saa moja jioni, pesa yangu iko salama, nakwenda nyumbani. Wateja waliokuja saa moja na nusu wakakuta giza, hakuna anayewahesabu. Hakuna atakayeniambia, Dada, leo umepoteza. Lakini nikibaki mpaka saa tatu, nikaibiwa, mtaa mzima utasema nilijitakia. Kocha naye ni hivyohivyo. Akikaa nyuma akafungwa, tutasema timu ilichoka, refa kaongeza dakika nyingi, bahati. Akimwingiza mshambuliaji akafungwa, tutataja jina lake mpaka watoto walijue. Sasa yeye ana familia. Atachagua nini?

FUNDI: Kwa hiyo umekubali wapande.

DADA: Sijakubali. Nimesema sisi ndio tunaowafundisha woga.

Nikamwangalia Fundi nikidhani atacheka. Hakucheka. Alivirudisha visoda vinne pale vilipokuwa dakika ya 60, akavitazama kwa muda.

Pendekezo la daftari lilitoka hapo, na ni la Dada. Lile daftari lake kubwa la miamala, lenye mistari aliyoichora kwa rula, lina kurasa za nyuma zisizotumika. Akasema kuanzia sasa, mechi yoyote tutakayoitazama kijiweni, ikifika dakika ya 75 kila mtu aseme angefanya nini kama yeye ndiye kocha. Nani atoke, nani aingie, wakae wapi. Yeye ataandika, mtu ataweka sahihi. Usiposaini, mechi ikiisha huna neno la kusema juu ya kocha.

Tulilijaribu mara ya kwanza kwenye mechi ya ligi wiki iliyofuata. Simba walikuwa mbele kwa bao moja. Saa ya kwenye skrini ilipofika 75 Dada alifungua ukurasa, akachomoa kalamu kwenye kilemba, akaanza na Fundi kwa sababu ndiye mwenye timu.

Siku zote swali hili Fundi hulijibu bila hata kuvuta pumzi. Safari hii alivuta benchi mbele. Kulikuwa na mchezaji amelala uwanjani anatibiwa, kamera inazunguka kwenye benchi la ufundi.

"Mabadiliko yamebaki mangapi?" akauliza.

"Mawili," Mzee akamwambia.

"Namba sita ana kadi?"

"Anayo. Tangu kipindi cha kwanza."

"Na yule winga wao aliyeingia sasa hivi, kasi yake ikoje? Nani anamjua?"

Hakuna aliyemjua. Fundi alishika kipande cha kashata asikile. Dada alikuwa ameshaandika jina lake na dakika, kalamu imesimama juu ya mstari mtupu, na mchezaji aliyelala akaanza kuinuka.